Kuboresha picha za eksirei kabla ya kuilisha modeli ya ujifunzaji wa kina

Picha ya eksirei inayotoka kwenye mashine ya kidijitali kwa kawaida huwa na biti 12 hadi 14 kwa kila pikseli, yaani viwango 4,096 hadi 16,384 vya kijivu, na upande wake mara nyingi huzidi pikseli 2,000. Modeli nyingi za uainishaji hupokea picha ya pikseli 224 kwa 224, tena yenye biti 8. Kati ya pale na hapa kuna taarifa nyingi inayotupwa. Kuboresha picha ni kuamua kipi kitupwe na kipi kibaki, si kuipendezesha. Picha iliyong'arishwa hadi mbavu zikasimama kama fimbo humfurahisha mtazamaji, lakini modeli haina macho yake: mng'ao na kontrasti ya picha nzima inaweza kuzirekebisha yenyewe kwenye tabaka za mwanzo. Kinachoisumbua ni picha zisizofanana kwa sababu zisizohusiana na ugonjwa.

Kwa hiyo chukulia kila kichujio kama dhana inayohitaji kupimwa. Hapa chini tunaeleza hatua kwa mpangilio wake. Mpangilio wenyewe una uzito kuliko uchaguzi wa kichujio.

Kusoma faili

Makosa mengi tunayoyaona hayako kwenye uboreshaji bali hapa. Faili la DICOM, muundo wa kawaida wa picha za hospitali, si picha tupu. Limebeba maelekezo ya namna ya kuionyesha picha, na usipoyafuata utapata picha inayoonekana sawa lakini imekosewa.

Angalia kwanza uga wa PhotometricInterpretation, wenye namba (0028,0004). Ukikuta MONOCHROME2, thamani ndogo ni nyeusi na mapafu yatakuwa meusi kama tulivyozoea. Ukikuta MONOCHROME1, mambo ni kinyume: thamani ndogo ndiyo nyeupe. Seti ya data iliyokusanywa kutoka mashine tofauti huwa na mchanganyiko wa aina zote mbili. Usipozigeuza za MONOCHROME1, modeli itafunzwa kwamba mapafu ni meusi kwa wagonjwa hawa na meupe kwa wale. Kazi ya apply_voi_lut katika pydicom, maktaba ya Python ya kusoma DICOM, haigeuzi picha kwa niaba yako, na hapo ndipo wengi huteleza.

Kisha tazama PresentationIntentType, (0008,0068). FOR PRESENTATION maana yake mtengenezaji wa mashine ameshaichakata picha: ameshainua kontrasti na kunoa kingo kwa algoriti zake. FOR PROCESSING ni picha mbichi. Kuongeza uboreshaji mzito juu ya picha iliyokwisha kuboreshwa huleta michirizi myeupe kuzunguka moyo na mbavu. Usichanganye aina hizi mbili katika seti moja. Kama huna budi, hakikisha uwiano wake ni uleule kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa.

Kama unatumia seti za wazi, soma namna zilivyotayarishwa kabla ya kugusa chochote. ChestX-ray14 ina picha 112,120 za PNG zenye biti 8 na ukubwa wa 1024 kwa 1024, hivyo biti za awali hazirudi tena. MIMIC-CXR-JPG imeshasawazishwa histogramu, yaani viwango vyake vya kijivu vimetandazwa upya, ilipogeuzwa kutoka DICOM. Ukiisawazisha mara ya pili unatwanga maji kwenye kinu, na kelele ndiyo itakayoongezeka.

Kukata kingo na kunyoosha thamani

Picha nyingi huwa na fremu nyeusi au nyeupe pembeni kwa sababu miali ilibanwa ili isiangukie mwili mzima. Fremu hiyo huharibu takwimu zote zinazofuata. Iondoe kwa kutembea kutoka kila upande kuelekea katikati, ukiacha mistari ambayo thamani zake karibu hazibadiliki: mchepuko sanifu ulio chini ya asilimia 2 ya upeo wa picha ni mwanzo mzuri. Weka kikomo cha kukata, tuseme asilimia 15 kwa kila upande. Picha inayotaka kukatwa zaidi ya hapo iweke kando uitazame kwa macho, kwa sababu huenda ni upande mmoja wa kifua uliojaa maji na ukawa mweupe wote.

Baada ya kukata, nyoosha thamani kwa pasentaili (thamani ambayo asilimia fulani ya pikseli ziko chini yake), si kwa ndogo kabisa na kubwa kabisa. Herufi L au R ya risasi iliyowekwa pembeni, betri ya moyo, au kifungo cha chuma huwa na thamani ya juu kupita kiasi. Ukitumia kubwa kabisa, kipande hicho kimoja cha chuma kitaubana mwili wote kwenye nusu ya chini ya kipimo. Pasentaili ya 0.5 na ya 99.5 zinatosha kwa kifua. Kwa mikono na miguu, ambako sehemu kubwa ya picha ni hewa, ondoa usuli kwanza, la sivyo pasentaili zitapima hewa badala ya mfupa.

Msimbo huu wa Python unabeba hatua hizo, pamoja na kupunguza ukubwa na CLAHE, ambazo tunazieleza baadaye. Kazi ya kukata_kingo iandike mwenyewe kwa kanuni iliyotajwa juu.

```python
import cv2
import numpy as np
import pydicom
from pydicom.pixels import apply_modality_lut, apply_voi_lut

def soma(njia):
    ds = pydicom.dcmread(njia)
    x = apply_modality_lut(ds.pixel_array, ds)
    x = apply_voi_lut(x, ds).astype(np.float32)
    if ds.PhotometricInterpretation == "MONOCHROME1":
        x = x.max() + x.min() - x
    return x

def nyoosha(x, a=0.5, b=99.5):
    chini, juu = np.percentile(x, (a, b))
    return np.clip((x - chini) / max(juu - chini, 1e-6), 0, 1)

def punguza(x, upande=1024):
    kimo, upana = x.shape
    r = upande / max(kimo, upana)
    ukubwa = (round(upana * r), round(kimo * r))
    return cv2.resize(x, ukubwa, interpolation=cv2.INTER_AREA)

def sawazisha(x, kikomo=2.0):
    b = (x * 255).round().astype(np.uint8)
    c = cv2.createCLAHE(clipLimit=kikomo, tileGridSize=(8, 8))
    return c.apply(b).astype(np.float32) / 255

x = sawazisha(punguza(nyoosha(kukata_kingo(soma("picha.dcm")))))
```

Mstari wa from pydicom.pixels unahitaji pydicom toleo la 3. Matoleo ya nyuma yaliweka kazi hizo chini ya pixel_data_handlers.

CLAHE, na kwa nini namba zake hudanganya

Usawazishaji wa kawaida wa histogramu hutumia kanuni moja kwa picha nzima. Kwa kifua hilo halifai sana, kwani mapafu ni meusi, moyo na uti wa mgongo ni meupe, na kila eneo linahitaji kunyooshwa kivyake. CLAHE (contrast limited adaptive histogram equalization) hugawa picha katika vigae, husawazisha kila kigae peke yake, kisha hulainisha mipaka baina ya vigae. Tena huweka kikomo: kiwango chochote cha kijivu chenye pikseli kupita kikomo hukatwa, na ziada hugawiwa kwa viwango vingine. Bila kikomo hicho, eneo tulivu kama hewa nje ya bega lingegeuka mchanga mtupu.

Sasa hesabu. OpenCV, maktaba ya picha inayoitwa cv2 kwenye msimbo, ikipewa clipLimit ya 2.0, haikati kwenye pikseli 2. Inazidisha 2.0 kwa idadi ya pikseli za kigae, kisha inagawanya kwa idadi ya viwango vya kijivu. Picha ya 1024 kwa 1024 yenye vigae 8 kwa 8 ina vigae vya pikseli 128 kwa 128, yaani pikseli 16,384. Kwa viwango 256, wastani ni pikseli 64 kwa kila kiwango, na kikomo kinakuwa 128. Hiyo ni histogramu yenye afya.

Chukua picha hiyohiyo, ipunguze kwanza iwe 224 kwa 224, kisha uitie CLAHE ileile. Kigae sasa kina pikseli 28 kwa 28, yaani 784. Wastani ni pikseli 3 tu kwa kila kiwango, na kikomo ni 6. Histogramu ya aina hiyo ni bahati nasibu: pikseli chache zinaamua sura ya kigae kizima, na picha hutoka na madoa yanayofanana kabisa na nimonia ndogondogo. Ndiyo maana katika msimbo wa juu CLAHE inafanyika kwenye 1024, na kupunguza hadi 224 au 512 huja baadaye. Kama lazima ufanye kazi kwenye picha ndogo, tumia vigae 4 kwa 4 au hata 2 kwa 2.

Mtego mwingine ni biti 16. OpenCV inakubali picha za biti 16 kwenye CLAHE, na wazo la kuhifadhi biti ni zuri. Lakini viwango sasa ni 65,536. Kwa kigae chetu cha pikseli 16,384, clipLimit ya 2.0 inatoa 0.5, nayo OpenCV huipandisha hadi 1, kikomo cha chini kabisa. Kwa maneno mengine, 2.0 ya biti 8 na 2.0 ya biti 16 ni vitu viwili tofauti. Ukitaka kutumia biti 16, nyoosha picha ijaze 0 hadi 65,535, kisha tafuta kikomo upya kuanzia mwanzo.

Maktaba ya scikit-image nayo ina kipimo chake. Katika equalize_adapthist, clip_limit ni sehemu ya pikseli zote za kigae, na chaguo-msingi ni 0.01. Kwa viwango 256, 0.01 hiyo ni sawa na 2.56 ya OpenCV. Aliyesoma mahali kwamba kikomo kizuri ni 2 akaiandika 2 kwenye scikit-image, kikomo chake hakikati chochote. Chaguo-msingi la OpenCV, 40, nalo ni kali mno kwa eksirei. Usiache createCLAHE bila namba.

Anza na 2.0, jaribu 1.0 na 3.0. Ukivuka 4, tazama eneo la nyuma ya moyo na chini ya kiwambo: huko miali michache hufika kwenye kitambuzi, kelele ni nyingi ikilinganishwa na ishara, na CLAHE kali huifanya kelele hiyo ionekane kama mabadiliko ya tishu.

Gama, kunoa, kupunguza kelele

Gama, yaani kupandisha kila thamani kwa kipeo kimoja, ni ya bei nafuu na haina madhara mengi. Kwenye thamani za 0 hadi 1, gama ya 0.8 huinua 0.2 ya pafu hadi karibu 0.28, lakini 0.8 ya mfupa hupanda hadi 0.84 tu. Ipitishe kati ya 0.7 na 1.4. Inafaa zaidi kama mabadiliko ya nasibu wakati wa mafunzo kuliko kama hatua ya kudumu, kwa sababu inaizoesha modeli tofauti za dozi na za mashine.

Kunoa kwa kutoa nakala iliyofifishwa kunahitaji tahadhari. Kwenye picha ya 1024, sigma (upana wa ufifishaji) ya 1 hadi 3 na nguvu ya 0.3 hadi 0.7 hutosha. Zaidi ya hapo utaona mstari mweupe na mweusi kandokando ya mbavu na ukuta wa kifua. Mstari mwembamba sambamba na ukuta wa kifua ndiyo hasa dalili ya hewa iliyovuja nje ya pafu, kwa hiyo unaweza kutengeneza ugonjwa kwa kichujio.

Kupunguza kelele mara nyingi tunakuacha. Kichujio cha wastani-kati cha 3 kwa 3 hufuta mistari yenye upana wa pikseli moja, na kupunguza ukubwa kwa INTER_AREA tayari kunawastanisha pikseli jirani na kushusha kelele bure. Kama picha zako ni za dozi ndogo sana, jaribu fastNlMeansDenoising ya OpenCV kwa h (nguvu ya kichujio) ya 3 hadi 5, kabla ya CLAHE. Ukiiweka baada ya CLAHE, kelele imeshakuzwa kwa viwango tofauti katika kila kigae na h moja haitazitosha zote.

Modeli zinazozalisha picha, zile za kuongeza ukali au kubuni maelezo yaliyokosekana, ziache kabisa kwenye kazi ya uainishaji wa ugonjwa. Zinaweza kufuta kinundu au kukibuni, na huna njia ya kujua ni lini.

Ukubwa, njia tatu na vipimo vya mwisho

Usiivute picha iwe mraba kwa nguvu. Moyo uliotanuliwa kwa mlalo hufanana na moyo uliovimba. Punguza ukihifadhi uwiano, kisha jaza pembeni kwa sifuri. Ujazaji uje baada ya CLAHE, la sivyo weusi huo utaingia kwenye histogramu za vigae vya pembeni. Kwa nimonia kubwa au maji mengi kifuani, 224 inaweza kutosha. Kwa vinundu vidogo na hewa iliyovuja, nenda 512 au zaidi. Kupandisha ukubwa mara nyingi huleta faida kuliko kichujio chochote kilichotajwa hapa, ila hugharimu kumbukumbu ya kadi ya michoro.

Mtandao uliofunzwa kwa ImageNet, seti kubwa ya picha za kawaida za rangi, unataka njia tatu: nyekundu, kijani na bluu. Badala ya kunakili picha moja mara tatu, weka ya kwanza iliyonyooshwa tu, ya pili yenye CLAHE ya 2.0, ya tatu yenye gama ya 0.7. Hivyo huipotezei modeli kitu, nayo itachagua yenyewe. Malizia kwa wastani 0.485, 0.456, 0.406 na michepuko 0.229, 0.224, 0.225, au uhesabu ya kwako kutoka kwenye picha za mafunzo peke yake. Uzito wa TorchXRayVision, maktaba ya modeli zilizofunzwa kwa eksirei za kifua, una kanuni nyingine: unatarajia thamani kati ya -1024 na 1024. Ukiupa 0 hadi 1, kwake hiyo ni picha ya kijivu tupu, na hautatoa hitilafu yoyote. Utatoa majibu ya ovyo tu.

Kupima kama uboreshaji umesaidia

Gawa data kwa mgonjwa, kamwe si kwa picha. Mgonjwa mmoja akiwa na picha pande zote mbili, za mafunzo na za upimaji, modeli itakariri mbavu zake. Kisha funza modeli ya msingi: iliyosomwa vizuri, iliyonyooshwa, bila chochote zaidi. Kila kichujio kipimwe dhidi ya hiyo, kwa ukubwa uleule wa picha na mgawanyo uleule, mara tano kwa mbegu tano za nasibu. Ikiwa mbegu peke yake inabadilisha AUC (kipimo cha kutenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, ambapo 0.5 ni kubahatisha na 1 ni bila kosa) kwa 0.008, ongezeko la 0.004 kutoka kwenye CLAHE ni upepo. Tafuta pia masafa ya uhakika (confidence interval) kwa sampuli za kurudia 1,000 (bootstrap), ukichagua wagonjwa badala ya picha.

PSNR na SSIM ziweke kando. Zinapima jinsi picha inavyofanana na nyingine, na hapa hakuna picha sahihi ya kulinganisha nayo. Entropia, kipimo cha mtawanyiko wa viwango vya kijivu, nayo hupanda hata ukiongeza kelele.

Kipimo kisichokwepeka ni data ya mahali pengine. Kwa kifua kikuu, seti ya Shenzhen ina picha 662, ambazo 336 ni za wagonjwa, na ya Montgomery ina 138, ambazo 58 ni za wagonjwa. Funza kwa moja, pima kwa nyingine. Kichujio kinachoinua matokeo nyumbani na kuyashusha ugenini kimekuza alama za mashine.

Hilo la alama ni zito. Utafiti uliochapishwa katika PLOS Medicine mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtandao unaweza kutambua picha imetoka hospitali gani, na kuutumia ujuzi huo kubashiri nimonia. Wakati wa UVIKO-19 modeli nyingi zilifunzwa kwa picha za wagonjwa watu wazima zikilinganishwa na seti ya watoto wa mwaka 1 hadi 5. Zilichojifunza kwa sehemu kubwa ni umri. CLAHE haisababishi tatizo hili, lakini huweza kulikuza, kwani herufi hafifu, kivuli cha meza na muundo wa kelele wa kila mashine vyote huinuliwa pamoja na ugonjwa.

Kuna majaribio mawili ya haraka. La kwanza: funza modeli ndogo ibashiri chanzo cha picha, kabla na baada ya uboreshaji. Usahihi ukipanda, umeongeza njia ya mkato. La pili: funika mapafu kwa weusi, funza na upime upya. AUC ikibaki mbali juu ya 0.5, modeli inasoma kitu kilicho nje ya mapafu, na hakuna kichujio kitakachoiponya. Rudi kwenye data.

Siku ya matumizi

Msimbo wa uboreshaji uwe mmoja, uitwe na mafunzo na matumizi vilevile, na vigezo vyake vihifadhiwe ndani ya faili moja na uzito wa modeli. Andika pia matoleo ya OpenCV na pydicom. Weka picha tatu za kudumu, moja ikiwa ya MONOCHROME1, pamoja na matokeo yake yaliyohifadhiwa; kila mfumo unapowashwa uzichakate na ulinganishe pikseli kwa pikseli. Tofauti kubwa kuliko kiwango 1 kati ya 255, simamisha kazi.

Faili lisilo na PhotometricInterpretation, lenye maandishi yaliyochomwa juu ya mapafu, au lililopigwa kwa kamera ya simu kutoka kwenye filamu, lisipitishwe kimyakimya. Likataliwe kwa ujumbe unaoeleza sababu, limfikie mtaalamu wa radiolojia bila alama ya modeli, na lihesabiwe: idadi ya yaliyokataliwa ikipanda ghafla ndani ya wiki moja, kuna mashine mahali fulani iliyobadilishiwa mipangilio.